Joto na presha kwenye testi ya uchovu wa pedi: hesabu ya mkono, modeli ya duara, njia moja au ya kuungana kabisa?

Ukitaka kuichosha pedi ya breki au bamba la klachi kwenye mashine mpaka life, kuna hesabu inabidi uifanye kwanza: uso wa mgusano unapata joto kiasi gani, na presha inakaa wapi. Njia ambazo watu wanazitumia kweli zipo nne, na kila moja ina wanaoitetea kama timu ya mpira. Ya kwanza hesabu ya mkono, joto linazama kwa mstari mmoja tu. Ya pili modeli ya duara, unachora kipande kimoja cha umbo halafu programu inakizungusha yenyewe. Ya tatu 3D ya njia moja, unapiga presha kwanza afu joto linafuata nyuma na halirudi kuisumbua presha. Ya nne 3D iliyoungana, yaani joto linavimbisha materiali, presha inahama, presha ikihama joto nalo linahama, na ukiwa na moyo unaongeza na kulika humohumo.

Mwenye haraka nimwambie hivi, swali si kompyuta yako ina nguvu kiasi gani, swali ni kama presha inatulia au inahamahama ndani ya mzunguko mmoja wa testi. Ikitulia, njia mbili za kwanza zinakutosha na utalala mapema. Ikihama ni ya nne tu. Ile ya tatu ambayo ndo inapendwa kuliko zote mi naiogopa, na nitafika huko.

Tuchukue mfano mmoja tutembee nao. Gari la kilo 1500 linatoka kilomita 100 kwa saa mpaka linasimama, breki zinapunguza mwendo kwa 0.8 ya mvutano wa dunia. Nishati yote ni karibu kilojuli 580, breki za mbele tuseme zinabeba asilimia 70, kwa hiyo diski moja ya mbele inameza kama kilojuli 200 ndani ya sekunde 3.5. Wastani wake ni kilowati 57, ila mwanzoni kabisa ni mara mbili yake, karibu 115, maana nguvu inashuka pamoja na mwendo.

Hesabu ya mkono

Watu wanaidharau hii na wanakosea. Sehemu ya diski inayosuguliwa kama ina kilo 6 za chuma cha kusubu basi kusimama mara moja kunaipandisha nyuzi 68 hivi kwa ujumla wake, na ukisimama mara tano mfululizo bila kuipa nafasi ya kupoa umeshaongeza zaidi ya 300, hapo hujafungua hata programu. Uso wenyewe unapanda zaidi ya hapo, ukiuchukulia kama ukuta mnene na eneo linalosuguliwa pande zote mbili liwe kama sentimita za mraba 720, unapata kama nyuzi 115. Na kuna kitu kizuri kinatoka kwenye hesabu hiyohiyo, kilele cha joto la uso hakiji mwisho wa breki, kinakuja katikati, sekunde 1.8 hivi, kwa sababu baada ya hapo joto linaloingia ni dogo kuliko linalozama ndani. Kwenye diski nyembamba kilele kinachelewa kidogo, ila bado mwisho hakifiki.

Kinachoiponza hesabu ya mkono ni mgao wa joto kati ya diski na pedi. Diski ya chuma inapitisha joto kama mara 50 kuliko pedi, na kinachoamua mgao ni mzizi wa upitishaji mara uzito kwa ujazo mara uwezo wa kubeba joto. Kwa namba za kawaida diski inapata asilimia 90. Lakini ngoja, hapo umesahau eneo, diski ina pete nzima ya kupokelea joto na pedi ina kipande tu, ukiweka na eneo, pedi mbili za sentimita za mraba 50 kila moja zinabaki na asilimia kama 1.5 tu. Tofauti ya 10 na 1.5 si ndogo bana.

Mi mwenyewe nshaumia hapa. Modeli yangu ya kwanza ya 3D pedi ilipita nyuzi 3000, na chuma cha kusubu kinayeyuka kwenye 1150 hadi 1200, yaani kwa mujibu wangu mimi breki ingekuwa supu. Nikakaa siku mbili natafuta kosa kwenye meshi (ule wavu wa vipande vidogo ambao programu inakata umbo), nikapunguza hatua za muda, nikabadilisha elementi, yaani hivyo vipande vyenyewe, wapi. Kumbe programu kama Abaqus na Ansys usipoziambia kitu zinagawa joto la msuguano nusu kwa nusu, na mimi nilikuwa nimeweka upitishaji mdogo mno kati ya nyuso mbili kwa hiyo joto lililoingia kwenye pedi halikuwa na pa kutokea. Ukiweka upitishaji mkubwa mgao unajirekebisha wenyewe, nyuso zinalingana joto. Hesabu ya mkono ya dakika kumi ingenionyesha siku ileile kwamba namba yangu ni ya kichaa.

Presha sawa au ulikaji sawa

Hapa wenye klachi wasikilize vizuri. Vitabu vya mashine vinakupa dhana mbili, presha ni ileile kila mahali, au kulika ni kulekule kila mahali, maana yake presha mara nusu kipenyo haibadiliki. Chukua bamba lenye nusu kipenyo cha ndani milimita 100 na cha nje 150. Kwa nguvu ya kuzungusha, dhana ya kwanza inakupa nusu kipenyo cha wastani 126.7 na ya pili 125. Tofauti asilimia moja na kidogo, kwa hiyo watu wanasema chagua yoyote tu.

Kwa nguvu ya kuzungusha sawa, chagua yoyote. Kwa joto sivyo kabisa! Joto kwa eneo ni msuguano mara presha mara mwendo, na mwendo unaongezeka ukienda nje. Presha ikiwa sawa, ukingo wa nje unapata joto mara 1.5 ya wa ndani. Ulikaji ukiwa sawa, joto ni lilelile pote, ila sasa presha ya ndani ndo mara 1.5 ya nje. Klachi ileile, nguvu ileile, ila dhana moja inakwambia bamba litaungua nje na nyingine inakwambia litachoka ndani kwa kubanwa. Mtu anayetafuta ufa utaanzia wapi hawezi kurusha shilingi hapa.

Ukweli ni kwamba zote mbili ni sahihi kwa nyakati tofauti. Bamba jipya lililonyooka linaanza karibu na presha sawa, nje kunalika haraka, presha inahamia ndani taratibu, na baada ya nyuso kuzoeana unakuwa upande wa ulikaji sawa. Kwa hiyo testi ya maelfu ya mizunguko inaanza na ramani moja ya joto na inamalizika na nyingine, na ukitumia moja tu umekosea nusu ya testi. Modeli ya duara inafaa sana kwenye klachi kwa sababu pete nzima inagusa muda wote, unaipiga mara mbili, moja kwa kila dhana, na ukweli uko katikati yao. Ni rahisi, ni ya haraka, sijaona sababu ya kuikimbia.

Modeli ya duara kwenye breki ya diski

Kwenye diski mambo yanaharibika kidogo, kwa sababu modeli ya duara inatandaza joto la pedi kwenye mzunguko mzima kama siagi. Pedi yetu inafunika kama asilimia 14 ya pete. Chini ya pedi joto linaloingia ni karibu megawati 11 kwa mita ya mraba, ila modeli inaliona kama 1.6. Mwanzoni mwa breki diski inazunguka mara 15 kwa sekunde, kila sehemu inakaa chini ya pedi milisekunde 9 hivi, na katika hizo milisekunde 9 ngozi ya diski inaruka karibu nyuzi 90 halafu inashuka tena. Mruko huo unaishi ndani ya milimita 0.4 za juu tu. Kwenye modeli ya duara haupo kabisa, umefutwa.

Je unakuhusu? Kama unatafuta joto la jumla la diski, au joto la bamba la chuma nyuma ya pedi, au la mafuta ya breki, haukuhusu hata kidogo, chukua modeli ya duara uendelee na maisha. Kama unatafuta nyufa ndogo za uso wa diski unakuhusu sana. Chuma cha kusubu kikibanwa kisipanuke, nyuzi 100 zinazaa kama megapaskali 160, na diski nyingi zinakatika kwa mvuto wa 200 hadi 250. Uso ukipata moto unabanwa, ukibanwa kupita kiasi unakubali umbo jipya, ukipoa unavutwa, na ufa unafunguka wakati wa kupoa. Ndo maana nyufa za joto kwenye diski mara nyingi zinatoka ndani kwenda nje kama miale, ule mvuto wa kuzunguka ndo unaozifungua.

Njia moja dhidi ya kuungana

Sasa ile ninayoiogopa. 3D ya njia moja unapiga mgusano ukiwa baridi, unapata ramani ya presha, unaizidisha na mwendo na msuguano, unaipeleka kwenye modeli ya joto. Picha inatoka nzuri kwelikweli, nyekundu, njano, bluu, bosi anafurahi. Na haki yake tuipe, inaona kitu ambacho modeli ya duara haiwezi kukiona, yaani pedi kuinama. Msuguano unavuta uso wa pedi wakati kizuizi kinaishika kwenye bamba la nyuma, kuna milimita 12 kati yao, msuguano ukiwa 0.4 kitovu cha presha kinasogea milimita 4.8 kuelekea ukingo unaoingiliwa na diski. Kwenye pedi ya urefu wa milimita 120 hiyo ni asilimia 24 zaidi ukingo wa mbele na 24 pungufu wa nyuma. Pedi inalika kama kabari. (Na uone hapo, nimekupa kwa mkono, bila meshi.)

Tatizo ni kwamba imeshaamua presha kabla joto halijafika. Kwa kweli sehemu iliyopata moto zaidi inavimba, ikivimba inabeba mzigo zaidi, ikibeba zaidi inapata moto zaidi. Chini ya mwendo fulani joto linasambaa haraka kuliko duru hili, vivimbe vinakufa vyenyewe. Juu ya mwendo huo vinakua, mgusano unakimbilia kwenye mikanda au madoa machache ya moto na sehemu nyingine haigusi tena. Mtafiti J. R. Barber alilieleza hili kwenye miaka ya 1960 mwishoni akiangalia breki za treni, na mwaka 1993 yeye na mwenzake Lee wakalipeleka kwenye diski za magari. Pia diski yenye kofia katikati ikipata moto inajikunja kidogo kama sahani, na presha inahamia ukingo mmoja hata bila hayo madoa.

Modeli ya njia moja haiwezi kuona lolote kati ya hayo, na ubaya wake ni kwamba haikwambii kwamba haioni. Hesabu ya mkono inajionyesha kwamba ni rahisi, unajua unacheza na makadirio. Hii inavaa suti. Joto la kilele inalishusha, maisha ya pedi inayarefusha, na wewe unapanga testi ya mizunguko mingi kuliko pedi inavyoweza kustahimili.

Iliyoungana inalipiwa lakini. Gari letu linazungusha gurudumu kama mara 26 mpaka lisimame, ukigawa kila mzunguko hatua 72 una karibu hatua 1900 kwa breki moja, kila hatua ina mgusano na joto pamoja. Pedi nayo inataka meshi nyembamba usoni, maana joto linazama ndani yake milimita 1 na kidogo tu kwa breki nzima, elementi ya milimita 2 haioni kitu. Mizunguko elfu kumi huwezi kuipiga moja moja. Kinachofanyika ni kuruka: unapiga breki moja kamili, unatoa kina cha kulika, unakizidisha kwa mizunguko kadhaa, unasogeza nodi za uso (pointi ambapo vipande vya meshi vinakutana), unapiga tena. Ukiruka mizunguko mingi sana kwa mkupuo uso unaanza kutikisika, presha inaonekana kama meno ya msumeno, hapo punguza.

Kulika ndo kunakofanya njia ya nne istahili pesa yake. Kivimbe cha moto kinalika kwa sababu kimebeba mzigo, halafu diski inapoa, kivimbe kinarudi chini na pale palipokuwa mlima sasa ni shimo. Breki inayofuata inaanza kugusa pembeni ya shimo. Kwa hiyo presha ya asubuhi ikiwa baridi si ile ya katikati ya testi wala si ile ya pedi mpya, na pedi iliyopikwa na kubanwa mara nyingi huwa ngumu kuliko mpya, na ugumu unashusha ule mwendo ambao madoa yanaanza. Testi inaweza kuanza imetulia na ikavurugika katikati bila wewe kubadilisha hata namba moja kwenye mashine.

Pini ndogo haiwezi kusema ya pedi kubwa

Watu wengi hawana dainamometa, yaani mashine ya kupima breki nzima, wana mashine ya pini na diski. Sawa, ni nafuu. Pini ya sentimita moja ya mraba, megapaskali 1, mita 5 kwa sekunde, msuguano 0.4, hizo ni wati 200, hesabu ya mkono inatosha kabisa. Ila madoa ya moto yanahitaji nafasi ya kukaa, umbali kutoka doa hadi doa mara nyingi ni mkubwa kuliko pini yenyewe, kwa hiyo pini inatulia pale ambapo pedi nzima ingevurugika. Maisha ya uchovu yaliyotoka kwenye pini usiyahamishe moja kwa moja. Pini inakupa tabia ya materiali kwenye joto fulani na presha fulani, ipe modeli kubwa hiyo tabia, basi.

Kuhakiki, na saa ya kilele

Modeli yoyote utakayochagua, ilinganishe pale kipimajoto kilipo, si usoni. Kwenye diski yetu joto linashuka karibu nyuzi 30 kwa kila milimita mwanzoni mwa breki, kwenye pedi ni kama 170. Waya wa kupimia uliozikwa milimita 2 ndani ya pedi unaona sehemu ndogo tu ya joto la breki moja, tena kwa kuchelewa, nimeona watu wakisema modeli imekosea kumbe waya ndo uko mbali. Kamera ya infraredi nayo inadanganya kwa namna yake, diski iliyong'aa inatoa mionzi kidogo na ileile ikipata kutu ya joto inatoa mingi, usipobadilisha namba ya utoaji mionzi kwenye kamera picha ni mapambo. Presha ndo ngumu zaidi, karatasi za kupimia presha zinafanya kazi ikiwa imesimama tu na baridi, kwa hiyo zinahakiki hali ya mwanzo, basi. Ukitaka kujua presha ilikaa wapi kwenye mwendo angalia unene wa pedi baada ya testi, pima sehemu nyingi, pedi yenyewe imekuandikia.

Na usichukue kilele cha joto na kilele cha presha ukavipiga pamoja kama vimetokea sekunde moja. Presha ya breki inapanda mwanzoni, joto la uso linafika juu katikati, mvuto wa diski unakuja wakati wa kupoa. Resini ya fenoli inayoshika pedi inaanza kuharibika taratibu kuanzia maeneo ya nyuzi 300, kwa hiyo kinachoua pedi ni presha iliyopo wakati ikiwa moto, si presha kubwa kuliko zote. Ukiweka vilele vyote pamoja unaipa pedi kifo cha mapema kisicho chake.

Mi nafanya hivi. Asubuhi hesabu ya mkono na hesabu ya kuinama. Klachi, naenda modeli ya duara mara mbili na naishia hapo, isipokuwa kama mabamba yanarudi yana madoa. Breki ya diski, kama pedi zilizochoka zinarudi na ulikaji wa kabari tu na diski safi, 3D ya njia moja naikubali, kwa shingo upande. Kama diski ina madoa ya bluu au mikanda, njia moja naiweka pembeni na naingia kwenye iliyoungana hata kama ni breki moja tu kwa siku nzima. Na kabla hujabonyeza kuanza, fungua pale kwenye mgao wa joto uangalie kama bado imeandikwa 0.5.